Hamtramck, mji ulio tumboni mwa Detroit

Jumatano

Ukiitazama kwa makini ramani ya Detroit, jiji la jimbo la Michigan nchini Marekani, utakuta, karibu na katikati yake, kipande ambacho si Detroit. Kina meya wake, madiwani wake, polisi wake, zimamoto yake na shule zake. Ndio mji wa Hamtramck. Eneo lake ni kilomita za mraba 5.4 tu, na Detroit imeuzunguka pande zote isipokuwa sehemu ndogo ya magharibi inayopakana na Highland Park, mji mwingine mdogo uliomezwa vivyo hivyo. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 28,433. Mwenye miguu mizuri anaweza kuuvuka wote kati ya adhuhuri na alasiri, akapata na muda wa kunywa chai njiani.

Nilikuwa na hamu nao kwa miaka. Vitongoji vingi vya Marekani nilivyopata kuvitembelea vinamdai mtu gari hata kwa kununua mkate. Hiki kilijengwa wakati mfanyakazi wa kawaida alikuwa akienda kazini kwa miguu, na kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza magari.

Shemeji yangu, mzaliwa wa Tanga ambaye sasa ni mkazi wa Detroit, ndiye aliyenileta kwa basi la jiji. Nauli ni dola 2, na tiketi hiyo inatumika kwa saa 4. Tuliposhuka barabara ya Joseph Campau akaniambia, "Shemeji, tulipopanda ilikuwa Detroit. Hapa si Detroit tena." Niliutafuta mpaka kwa macho, sikuuona. Hakuna mto wala geti. Kilichobadilika ni kwamba njiani kulikuwa na watu. Katika mitaa tuliyopita kwa basi niliona viwanja vingi vitupu, nyasi zimeota pale nyumba zilipokuwa. Hapa nyumba zimebanana, na nje ya kila ya tatu yupo mtu: mama mwenye baibui anamwagilia mchicha, mzee wa Kizungu ameketi kibarazani na gazeti, watoto wanapita na baiskeli.

Nimepanga chumba cha juu kwenye nyumba ya familia ya Kibangladeshi. Ni nyumba ya mbao ya ghorofa mbili, yenye kibaraza mbele, ua mdogo nyuma, na uchochoro unaopita nyuma ya ua. Mtaa mzima uko hivyo. Viwanja vina upana wa takriban mita 9, na kati ya nyumba na nyumba mtu mnene apite kwa ubavu. Mwenye nyumba, ambaye kwao ni Sylhet na aliishi New York kabla ya kuja huku, anasema alipoiona mara ya kwanza alicheka kwa furaha: kule Queens alikuwa akilipa kodi ya chumba, huku angeweza kuwa na nyumba nzima, na msikiti na duka vikawa karibu. Historia ya mji huu nyingi imo ndani ya jibu lake hilo, na nilikuwa bado sijajua.

Alhamisi

Barabara ya Joseph Campau ndiyo uti wa mji. Nimeitembea kuanzia kaskazini hadi kusini, polepole, nikisoma mabango. Sura za maduka ni zilezile za matofali za miaka ya 1920, ila waliomo ndani wamebadilika: nguo za harusi za Kiyemeni, simu, bucha la halali, vitabu na sanaa za Kipolandi, mafundi cherehani, tanuri la mikate la Kipolandi. Hakuna aliyebomoa ili ajenge upya. Aliyekuja alichukua funguo kutoka kwa aliyetangulia.

Jina la mji linatokana na Jean François Hamtramck, mzaliwa wa Kanada aliyepigana upande wa Wamarekani katika vita vya uhuru. Ndiye aliyeshika uongozi wa ngome ya Detroit baada ya Waingereza kuiachia mwaka 1796, na akafia Detroit mwaka 1803. Jina lake lilipewa eneo kubwa la mashamba, na Detroit ilipokua ikawa inalimega eneo hilo kidogo kidogo. Kilichosalia kiliandikishwa kuwa kijiji mwaka 1901. Mwaka 1910 kijiji kilikuwa na watu 3,559. Mwaka 1920 walikuwa 48,615. Nimezisoma tarakimu hizo mara nyingi na bado zinanishangaza: ndani ya miaka kumi kijiji kiliongezeka zaidi ya mara kumi na tatu.

Sababu ni ndugu wawili, John na Horace Dodge. Walikuwa wakimtengenezea Henry Ford vipuri, wakafungua kiwanda chao ncha ya kusini ya kijiji mwaka 1910, na mwaka 1914 wakaanza kuuza magari yenye jina lao. Wote wawili walifariki mwaka 1920, lakini kiwanda, kilichokuja kuitwa Dodge Main, kiliendelea kukua kwa miaka mingi. Wapolandi walikuja kwa maelfu. Kazi ya kiwandani haikudai Kiingereza. Ilidai mikono na uvumilivu. Wakajenga haraka nyumba hizi za viwanja vyembamba, wengi wakiishi chini na kupangisha juu, wakaweka akiba, wakawaita ndugu zao. Mwaka 1922 Hamtramck ikajiandikisha kuwa mji kamili, ili Detroit isije ikaumeza. Kufika 1930 watu walikuwa 56,268, karibu mara mbili ya walio sasa, kwenye ardhi hiyohiyo.

Wafanyakazi hao hawakuwa wanyonge. Machi 1937 walikaa ndani ya Dodge Main na kukataa kutoka hadi chama chao kitambuliwe, kama wenzao wa viwanda vingine vya Michigan walivyofanya mwaka huo.

Mchana niliingia kanisa la Mtakatifu Florian, ambalo mnara wake unaonekana karibu kila kona ya mji. Lilikamilika mwaka 1928, na aliyelichora ni Ralph Adams Cram wa Boston, mmoja wa wasanifu wakubwa wa makanisa nchini Marekani wakati ule. Hapo nilikaa muda mrefu. Nilikuwa nikifikiria watu waliokuwa wakiishi familia mbili kwenye nyumba moja ya mbao, wanarudi jioni na mafuta ya mashine kwenye kucha, wakakubaliana kwamba nyumba ya Mungu wao itakuwa ya matofali na vioo vya rangi, na itachorwa na fundi ambaye matajiri wa mashariki ndio waliokuwa wakimwajiri. Sioni ubadhirifu ndani yake. Naona watu waliotaka watoto wao wawe na mahali pa kuinua macho.

Mama mmoja mzee aliyekuwa akipanga maua alinieleza kwamba Papa Yohane Paulo II alikuja Hamtramck Septemba 1987, na kwamba siku hiyo mji wote ulikuwa barabarani. Sanamu yake iko kwenye bustani ndogo kando ya Joseph Campau. Mama huyo sasa anaishi mbali, kwenye vitongoji vipya vya kaskazini, kama walivyofanya watoto wengi wa Wapolandi. Kila wiki anaendesha gari kurudi kwenye kanisa alilobatizwa.

Chakula cha jioni kilikuwa pierogi: unga uliokunjwa ukajazwa viazi na jibini, ukachemshwa, kisha ukapitishwa kwenye siagi na vitunguu. Kila Jumanne ya kabla ya Jumatano ya Majivu watu hupanga foleni kuanzia alfajiri kwenye matanuri ya hapa kununua paczki, madonge ya unga yaliyokaangwa na kujazwa jemu. Wengi wa wanaopanga foleni hiyo si Wapolandi.

Ijumaa

Siku hii niliisubiri.

Asubuhi nilikwenda barabara ya Conant, upande wa mashariki. Tangu 2008 sehemu yake imepewa jina la heshima la Bangladesh Avenue. Maduka ya samaki, sari, dhahabu, mchele wa magunia, mboga zenye majani ambazo sijawahi kuziona, na wazee wanaotafuna tambuu. Wengi wao waliishi New York kwanza, kama mwenye nyumba wangu, wakaja huku miaka ya 1990 na 2000. Wayemeni walikuwa wametangulia. Baadhi yao walifika kufanya kazi kwenye kiwanda cha Dodge wakati Wapolandi bado ni wengi. Sensa ya 2010 iliona watu 22,423. Ile ya 2020 iliona kama elfu sita zaidi, wakati Detroit inayouzunguka ilikuwa ikiendelea kupungua. Wageni hao ndio walioujaza mji tena.

Ijumaa yenyewe niliiswalia msikitini. Barabara ya Caniff ilijaa kanzu, shati za kiwandani, kofia za kila aina. Msikiti wa Al-Islah, ulioko barabara hiyo, ndio uliofanya mji huu ujulikane duniani mwaka 2004, ulipoomba kutoa adhana kwa vipaza sauti vya nje. Madiwani waliibadilisha sheria ya kelele ili kuruhusu, muadhini akaanza kuita mwezi Mei, na Julai wakazi wakapiga kura ya maoni kuamua kama sheria hiyo ibaki. Ikabaki. Kwenye mikutano ya wakati ule kulisemwa maneno makali sana. Lakini hoja iliyorudiwa na wengi, wakiwemo Wapolandi wazee, ilikuwa rahisi: kengele za kanisa zimelia hapa kwa miaka mingi, na hakuna aliyeziomba kibali.

Sheria ile inaruhusu adhana ya nje kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku tu. Sisi tuliozoea jua linalozama saa moja lazima tufikiri kidogo hapa. Mwezi huu wa Juni magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku. Nimeketi kibarazani saa tatu na robo, mbingu bado ina wekundu, watoto bado wanacheza mpira barabarani, ndipo muadhini anaita. Isha inaingia wakati saa nne imeshapita, na alfajiri inaingia kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo hizo mbili huitwa ndani tu. Nimependa utaratibu huo. Kila upande ulitoa kitu.

Baada ya swala nilikaribishwa mezani na mzee mmoja wa Kiyemeni kwenye mkahawa wa jirani. Tulikunywa chai ya maziwa yenye hiliki ya Aden, ambayo ukimpa mtu wa pwani yetu hataomba maelezo. Aliposikia kwamba naongea Kiswahili alinyanyuka, akanishika mkono upya: mjomba wake alifia Mombasa. Nikamuuliza kuhusu siasa, naye akanirudisha mwaka 1999.

Novemba ya mwaka huo, siku ya uchaguzi wa mji, kundi la watu lilisimama kwenye vituo likiwapinga wapiga kura wenye ngozi nyeusi zaidi au majina ya Kiarabu, likidai kwamba si raia. Zaidi ya watu 40 walitakiwa kula kiapo cha uraia kabla ya kupewa karatasi. Baadhi yao walikuwa wameshaonyesha pasi za kusafiria za Marekani. Serikali kuu iliingilia kati, na mwaka 2000 mji ukakubali mbele ya mahakama kubadilisha utaratibu wake. Mzee alisimulia hayo bila kupandisha sauti. "Mwanangu," akasema, "tulikwenda tena uchaguzi uliofuata. Na uliofuata."

Mwaka 2015 Hamtramck ulikuwa mji wa kwanza Marekani unaojulikana kuchagua baraza lenye Waislamu wengi. Mwaka 2021 Amer Ghalib, mzaliwa wa Yemen, alimshinda Karen Majewski aliyekuwa meya kwa miaka mingi, naye akawa meya wa kwanza asiye na asili ya Kipolandi kwa karibu karne nzima. Januari 2022 madiwani wote walikuwa Waislamu.

Udogo wa mji ndio uliowezesha haya. Kwenye jiji la watu laki sita jamii ngeni hubaki kuwa kura za pembeni kwa vizazi. Hapa mgombea anaweza kubisha hodi kila nyumba kabla ya majira kubadilika, na anayemchagua anajua anakoishi. Ila mlango uliofunguka kwa urahisi hivyo unawapa wanaoingia mzigo uleule wa waliotoka. Mwaka 2023 baraza hilo lilipitisha azimio la kuzuia bendera za makundi kwenye mali ya mji, ikiwemo ile ya upinde wa mvua ya wapenzi wa jinsia moja, na baadhi ya majirani waliowatetea Waislamu mwaka 2004 walihisi wamegeukwa. Nilizungumza na wawili kati yao leo jioni. Hawana chuki, wameumia. Nilitamani wale wa chai na hawa wa jioni wakae meza moja.

Jumamosi

Makumbusho ya mji, yaliyoko Joseph Campau, ni madogo na yanaendeshwa kwa mapenzi. Ndani kuna michoro mikubwa ya ukutani, picha za Dodge Main na vifaa vya nyumbani vya Wapolandi. Mzee aliyenitembeza hakuwa na haraka, na mimi pia sikuwa nayo.

Mchana tulikwenda na shemeji kwenye bustani ya mashujaa, ambako vijana wa Kibangladeshi walikuwa wakicheza kriketi, na kando yake ndipo ulipo uwanja wa besiboli wa Hamtramck. Uwanja huu ulijengwa mwaka 1930 kwa ajili ya Detroit Stars, timu ya ligi za Weusi. Wakati ule, na hadi 1947, mchezaji mweusi hakuruhusiwa kucheza ligi kuu, hata angekuwa hodari kiasi gani. Basi hodari hao walicheza hapa. Satchel Paige alirusha mpira kwenye nyasi hizi, na Josh Gibson akaupiga. Mwenyeji mkuu alikuwa Norman "Turkey" Stearnes, mpigaji wa Detroit Stars, ambaye msimu ulipokwisha alikuwa akifanya kazi viwandani kama watu wengine. Alifariki mwaka 1979. Wakubwa wa mchezo walimwingiza kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli mwaka 2000. Sasa uwanja wa kuchezea una jina lake.

Viwanja vya ligi za Weusi vilivyobaki vimesimama vinahesabika kwa vidole. Jukwaa la huu lilikuwa limefungwa kwa miaka, limeoza mbao na kushika kutu, hadi wakazi na wapenzi wa historia walipohangaika kulitengeneza. Lilifunguliwa tena mwaka 2022. Nilipanda hadi juu nikaketi. Kutoka pale unauona uwanja wote na paa za nyumba nyuma yake. Mwaka 1959 watoto wa Hamtramck walitwaa kombe la dunia la besiboli ya watoto, na walikuwa wamejifunzia kwenye uwanja huu. Mji wa watu wachache hivi!

Jioni tulihamia hatua chache tu, uwanja wa Keyworth, kutazama Detroit City FC. Nao una historia: ulijengwa kwa fedha za serikali kuu wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na Rais Franklin Roosevelt mwenyewe alikuja kuuzindua Oktoba 1936. Ni mali ya shule za mji. Mwaka 2016 ulikuwa umechakaa, na klabu ikawaomba mashabiki waikopeshe. Wakachanga zaidi ya dola 700,000, na ukatengenezwa. Mashabiki husimama dakika zote 90. Ngoma, moshi wa rangi ya damu ya mzee na dhahabu, nyimbo zisizokatika. Nimekaa viwanja vikubwa kuliko huu bila kutetemeka hivi.

Karibu yetu alikuwa baba wa Kiyemeni na binti zake watatu wenye hijabu na skafu za timu. Mbele yao vijana wenye michoro shingoni. Bao lilipoingia wote waliangukiana.

Klabu imetangaza kujenga uwanja wake mpya kusini-magharibi mwa Detroit. Naelewa hesabu zao: Keyworth haina nafasi ya kukua. Lakini wenye maduka niliozungumza nao wanauliza jioni za mechi zitakuwaje, na hilo ni swali halali.

Jumapili

Misa ya Kipolandi asubuhi, kisha mguu hadi ncha ya kusini, kilipokuwa kiwanda.

Dodge Main ilifungwa Januari 1980. Mji uliokuwa umejengwa kwa ajili ya kiwanda kimoja ukabaki bila kiwanda hicho, na kodi zake zikakatika. General Motors walisema watajenga kiwanda kipya hapo iwapo watapewa eneo kubwa la kutosha, na kwa kuwa ardhi ya Dodge peke yake haikutosha, jiji la Detroit chini ya Meya Coleman Young liliamua kutwaa kitongoji kilichofuata upande wake wa mpaka. Kitongoji hicho kiliitwa Poletown. Zaidi ya watu 4,000 walihamishwa; nyumba zaidi ya elfu moja, biashara kama 140 na makanisa kadhaa vikavunjwa. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Michigan ikasema jiji lina haki. Waliobaki, wengi wao mabibi wazee, walikaa ndani ya kanisa la Immaculate Conception karibu mwezi mzima wakikataa kutoka, hadi polisi walipoingia alfajiri ya siku moja ya Julai 1981 na kuwatoa. Kanisa likaangushwa.

Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1985. Ziliahidiwa ajira 6,000. Walioajiriwa walikuwa wachache kuliko hao. Na mwaka 2004 mahakama ileile ilitamka kwamba uamuzi wake wa 1981 ulikuwa na kasoro: ardhi ya mtu haiwezi kuchukuliwa kwa nguvu akapewa mfanyabiashara kwa hoja kwamba uchumi utafaidika. Watu wa Poletown walikuwa wameshazikwa au kutawanyika.

Leo kinaitwa Factory Zero, na kinatengeneza magari ya umeme. Nilitembea kandokando ya uzio wake muda mrefu bila kukutana na mtu. Ndani ya uzio huo, katikati ya maegesho na majengo, kuna makaburi ya Wayahudi ya karne ya 19 yanayoitwa Beth Olem. Hayakuweza kuhamishwa, hivyo kiwanda kilijengwa kuyazunguka, na ndugu wa waliozikwa hufunguliwa geti mara mbili tu kwa mwaka, kabla ya Pasaka yao na kabla ya mwaka wao mpya. Sikuingia. Nilitaka tu kujua yako upande gani, na mlinzi alinionyesha kwa adabu.

Nilikuwa na uchungu nikirudi, kwa hiyo nilimshukuru shemeji aliponipeleka mtaa wa Klinger. Kwenye uchochoro wa huko Dmytro Szylak, mhamiaji wa Ukraine aliyestaafu General Motors, alitumia miaka ya 1990 kujenga juu ya mabanda yake mawili ya magari mnara wa mapanga ya ndege, farasi wa mbao, wanasesere, taa na bendera. Alifariki mwaka 2015, na kazi yake inatunzwa na wasanii wa mji. Kila upepo ukivuma, kitu fulani kinazunguka. Watoto wa jirani walituonyesha sehemu wanazozipenda.

Jumatatu

Jana usiku nilimuuliza mwenye nyumba kama kuna jambo la mji huu ambalo wageni hawaambiwi. Akaniuliza kama nimeziona nyumba za kesi. Sikuwa nimeziona, na leo nilikwenda.

Mwaka 1968 wakazi weusi wa Hamtramck walifungua kesi dhidi ya mji wao, kesi inayojulikana kwa jina la Garrett. Walisema kwamba kila mradi wa kuboresha makazi, kila barabara kuu, kila ardhi iliyosafishwa kwa ajili ya viwanda, iliangukia mitaa yao, na kwamba hawakujengewa pa kurudi. Mwaka 1971 Jaji Damon Keith wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba walisema kweli: mji ulikuwa ukiwaondoa watu weusi kwa makusudi. Ulitakiwa kuwajengea. Mvutano uliendelea kwa miaka. Makubaliano ya baadaye yalitaja nyumba 200, na nyingi kati ya hizo hazikujengwa hadi miaka ya 2000, wakati wengi waliohamishwa wameshafariki na haki imeshuka kwa watoto na wajukuu.

Mwaka uleule wa 1968, ndani ya Dodge Main, wafanyakazi weusi waliunda chama chao wenyewe, DRUM, kwa sababu kazi ngumu na chafu walipewa wao, na wasimamizi walikuwa weupe, na viongozi wa chama kikuu cha wafanyakazi hawakuwasikiliza. Chama hichohicho ambacho baba wa Kipolandi walikipigania mwaka 1937.

Nyumba za kesi ni safi, ndogo, zenye mbao mpya na nyasi zilizokatwa. Hazina kibao chochote. Nadhani zinastahili, na nimemwandikia barua ya kuomba hivyo mtu anayehusika na historia ya mji. Wanaousifu Hamtramck kwamba umempokea kila mtu wanasahau walikuwepo wakazi waliofukuzwa na mji huohuo, wakasubiri karibu miaka 40 kurudishiwa mtaa.

Mchana nimefunga begi. Navuka barabara kuu ya I-75 kuelekea Highland Park, ndugu yake Hamtramck: mji wa ukubwa unaokaribiana, nao uliojitenga na Detroit, nao uliojengwa na kiwanda kimoja. Huko ndiko Ford alikoanzisha mstari wa kuunganisha magari mwaka 1913, na mwaka uliofuata akatangaza mshahara wa dola 5 kwa siku. Mwaka 1930 ulikuwa na watu zaidi ya 50,000. Mwaka 2020 walibaki chini ya 9,000. Mwaka 2011 zaidi ya taa 1,000 za barabarani ziling'olewa kwa sababu mji ulishindwa kulipa bili ya umeme. Viwanda vyote viwili viliondoka. Kwenye mji mmoja wakaja watu wengine kununua nyumba, kwenye mwingine hawakuja vya kutosha. Nina miadi saa kumi na wakazi wawili waliochangishana kuweka taa za sola mtaani kwao, na kwa nini ikawa hivyo ndilo swali langu la kwanza kwao.